Mlembe Asiyejua Kibwana

Niwape ngano, nisiwape?

— Tupe!

Ya utamu au ya uchungu?

— Ya utamu, na uchungu wake!

Basi sogeeni motoni. Wewe mwenye kikohozi, kohoa sasa umalize.

Hapo kale, kale ya kale, palikuwa na bwana akiitwa Kivuva. Alipelekwa angali mdogo kwenye jumba la mtawala, ng'ambo ya milima mitatu, akarudi mtu mzima anazungumza Kibwana, lugha ya jumbani. Lugha ya mama yake alikuwa ameisahau yote, na kwa juhudi kubwa. Hongera zake.

Akaoa, akapata mtoto mmoja tu, Nzioki. Akaweka sheria nyumbani: atakayesema lugha ya kijiji atavaa taya la mbuzi shingoni mpaka jua lizame. Aliyelivaa zaidi ni mama yake mzazi, Bibi Syokau. Alilivaa kwa kusema "njoo ule." Alilivaa kwa kusema "pole." Alilivaa kwa kumwimbia mjukuu alale. Mwishowe akanyamaza, na akafa amenyamaza. Kivuva akasema nyumba sasa imestaarabika.

Nzioki akakua, akampenda Mbithe wa kijiji cha pili. Walizungumza lugha gani? Waulizeni wenyewe, mimi sikuwapo.

Sasa, huko kuna desturi. Baba wa bwana harusi huingia msituni, humwita mlembe, ndege yule anayeonyesha nyuki walipo, akajaza kibuyu asali. Akishindwa, mwanawe hujaribu; naye akishindwa, upande wa bibi harusi huitafuta wao. Na walioleta asali ndio wanaochukua mtoto: kijana huhamia kwao, na wajukuu huwa wao.

Kivuva akacheka. "Ndege tu? Mimi niliyehutubia watawala?"

Akaingia msituni, akamkuta mlembe tawini. Akamwita kwa Kibwana, kwa adabu. Mlembe akajikuna bawa. Akamwita kwa Kibwana, kwa kelele, maana labda ni kiziwi. Mlembe akajikuna bawa la pili. Akamwita kwa Kibwana, polepole, neno moja moja, maana labda ni mjinga.

Mlembe akamjibu kwa lugha ya kijiji: "Baba, wito wangu ni maneno matano. Bibi yangu alifundishwa na bibi yako. Yaseme twende, hata mimi nina njaa."

Kivuva akasikia chwi-chwi tu. "Ndege mshamba!" akasema, akarudi nyumbani na kibuyu kitupu.

Kesho yake akaenda Nzioki. Akaukumbuka wimbo wa bibi yake wa kumlaza, kumbe ndio wito wenyewe, lakini sauti tu, maneno hana. Akauimba bila maneno. Mlembe akasogea tawi moja, akangoja. Maneno hayakuja. Kijana akalia pale pale, na mimi simcheki.

Siku ya tatu akaenda Mbithe. Akasema maneno matano. Adhuhuri kibuyu kilikuwa kimejaa.

"Asali yetu, mtoto wetu," akasema baba yake Mbithe.

Kivuva akapinga kwa Kibwana, hotuba ndefu, nzuri ajabu. Wakwe hawakuelewa hata neno. Wakampigia makofi, watu wenye heshima zao, kisha wakaondoka na mwanawe wa pekee.

Miaka ikapita. Kivuva akaenda kuwaona wajukuu, amebeba muwa. Wakamzunguka, wakasema wote kwa pamoja, yeye akatabasamu. Mdogo wao akapanda mapajani, akamtazama usoni, akauliza jambo. Kivuva akamgeukia Nzioki.

"Anasemaje mjukuu wangu?"

Nzioki akainamisha kichwa. "Anauliza, baba, mgeni huyu anaondoka lini."

Haya. Lugha ya mbali si dhambi, jifunzeni hata kumi. Lakini ukiitupa ya nyumbani, damu yako itakukaribisha kiti, ikupe maji, na ingoje uende.

Ngano yangu imeingia mzingani, nyuki wamefunga mlango. Nilibaki na tone moja la asali ndevuni, na silitoi. Anayelitaka aniombe kwa lugha ya bibi yake.