Kinyago cha Shule ya Mkiani

Afisa Elimu Kihwelo alikuwa na kinyago cha mti, ulimi nje, ambacho kila mwaka alikikabidhi kwa shule iliyoshika mkia wilayani. Safari hii kilimwangukia Mwalimu Tunsume, mwalimu mkuu ambaye wanafunzi wake walisomea juani. Maombi yake sita ya mabati hayakuwahi kujibiwa.

"Kitundike darasa la mbele, kila mzazi akione," Kihwelo aliagiza.

"Sawa, Mkuu. Ila hiki ni mali ya serikali, na darasa halina paa. Kikinyeshewa kikapasuka, kwenye taarifa niandike nani aliagiza kitundikwe pale?"

Kihwelo akawafikiria wakaguzi wa mali za serikali. Wiki ileile mabati yakafika.

Mwezi uliofuata akaja kukagua. Kinyago kilikuwa kwenye kona nyuma ya mlango, na watoto tisini walikuwa wakisoma chini ya paa jipya.

"Mwalimu, mimi nilitoa mabati ya kinyago."

"Na kimekaa pakavu, Mkuu. Nafasi iliyobaki tuliona tusiiache tupu."

Kwenye kikao cha mwaka uliofuata, Kihwelo aliuliza kwa ukali ni nani sasa anastahili kupewa kinyago.

Walimu wakuu kumi na mmoja walinyoosha mikono.