Mwanamkasi Achagua Mtaa wa Kulala

Wajukuu, niwape?

Tupe!

Niwape cha jana?

Cha zamani!

Cha zamani cha wapi?

Cha kule tusikokujua!

Haya, kaeni vizuri. Wa kusinzia asinzie upande ule, asimwangukie mwenzake.

Zamani, zamani zile, babu wa babu yangu hajazaliwa bado, palikuwa na mji mdogo ukiitwa Mikadini. Watu wake walikuwa wasuka mikeka, watu wa sala na subira. Mwenyezi Mungu akawatia mtihani. Visima vyao viligeuka chumvi. Kisima cha msikitini, chumvi. Kisima cha sokoni, chumvi. Kile cha nyuma ya makaburi, kilichokuwa kitamu kama dafu, nacho chumvi tupu. Watoto wakinywa, matumbo yanawasokota. Mbuzi wakinywa, wanatikisa vichwa. Mtu akitia udhu, uso unabaki na ukoko mweupe kama aliyepakwa unga.

Wazee wakakaa kitako, wakasema, "Ng'ambo ya jangwa kuna mji wa Dirbawa. Kule kuna wachimbaji wanaoyapata maji matamu hata chini ya mwamba. Lakini hawatoki mjini kwao bila ruhusa ya mfalme. Aende mtu akawaombe, la sivyo tutauhama mji huu na kuwaacha wazee wetu makaburini peke yao."

Aende nani? Watu wakamtazama Bi Mwanamkasi, mjane, msuka mikeka hodari. Lugha ya Dirbawa aliijua, maana wachuuzi wa ngamia walikuwa wakija kununua mikeka yake, na kubishana bei nao ilikuwa ndiyo shule yake. Wakampa na mtu wa kumsindikiza, shemeji yake Shekuwe, mdogo wa marehemu mumewe, bwana wa kilemba kikubwa na maneno makubwa zaidi.

"Msiwe na wasiwasi," Shekuwe akawaambia. "Miji mimi naijua."

Na huyo Shekuwe, wajukuu, alikuwa hajavuka hata shamba la mwisho la Mikadini.

Wakaenda. Jua likawachoma, wakaenda. Upepo ukawapiga mchanga, wakaenda. Mwanamkasi njia nzima anamwomba Mungu, Shekuwe njia nzima anaulizia godoro. Hata asubuhi moja, hao, wameuona ukuta wa Dirbawa, mwekundu, mrefu, mageti yake yamefunguliwa na watu wanaingia kama siafu.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo walipoteleza.

Kwetu Mikadini, mgeni hachagui nyumba. Mgeni akiingia, yule wa kwanza kumwambia karibu ndiye mwenyeji wake. Kumkataa ni kumvunjia heshima, na aliyekukaribisha ndiye atakayekupeleka kwa wakubwa na kukusemea haja yako. Ndivyo walivyolelewa. Basi wameingia tu getini, akatokea jamaa mnene, shati lanukia marashi, mikono ameifungua kama anayetaka kuwakumbatia wote wawili.

"Karibuni! Karibuni wageni wangu! Malazi mazuri, mito ya sufi, udi asubuhi na jioni!"

"Umesikia, shemeji?" Shekuwe akanong'ona, macho yanang'aa. "Tumeitwa! Hata hatujapangusa vumbi, tumeitwa!"

Mwanamkasi akatazama. Mbona mtu yule anamkaribisha kila anayepita? Anamkaribisha mwenye ngamia, anamkaribisha mwenye punda, nusura amkaribishe na punda mwenyewe. Moyo ukamwambia, mama, hapa sipo. Lakini miguu ilikuwa imevimba, na mlangoni aliliona godoro, limenona, limetandikwa shuka la bluu. Mola atusamehe waja wake, nafsi ikipenda kitu hutafuta sababu. Mwanamkasi akajiambia, ni adabu ya kwetu, nitamkataaje? Akaingia. Akalala. Na usingizi ulikuwa mtamu, kwa nini niwafiche?

Kulipokucha akamwendea yule bwana. "Mwenyeji wetu, tumepumzika, ahsante. Leo utatupeleka kwa mfalme?"

Yule bwana akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Nikupelekeni mimi? Mama, mimi nauza malazi. Hata jina lako silijui."

"Basi nani atatusemea?"

"Mtaa wako. Dirbawa mgeni husimamiwa na mtaa alimolala. Mfalme akiuliza nani anamjua huyu, watu wa mtaa husimama. Wasiposimama, mgeni anarudi kwao na haja yake mkononi."

"Na huu mtaa wa Getini, ushawahi kumsimamia nani?"

Yule bwana akajikuna shingo. "Huu? Huu ni mtaa wa wapita njia, mama. Leo wewe, kesho mwingine. Nani atamsimamia nani?"

 Mawazoni Mwanamkasi akawaona watoto wa Mikadini wameshika matumbo. Akasema, "Astaghfirullah. Nilijua, nikalala." Akajifunga ushungi, akatoka kwenda kuutembea mji.

Akaenda mtaa wa wafua fedha. Usafi, wajukuu! Ukidondosha wali unaokota unakula. Lakini akatoa salamu mlango wa kwanza, kimya. Mlango wa pili, kimya. Dirisha likafunguka, likamtazama, likafungwa. Akasema, nikifia hapa watanifagia tu. Akapita.

Akaenda mtaa wa wauza manukato. Huko walimwitikia, tena kwa bashasha, lakini kila aliyemwitikia alimtazama mikononi kwanza aone amebeba nini. Akapita.

Akateremka, akateremka, mpaka chini kabisa, mtaa wa Bondeni. Huko matope! Watoto wanakimbizana, mbuzi wamepanda juu ya mabaraza, wanawake wawili wanagombana kuhusu kamba ya kuanikia nguo. Pua ya Mwanamkasi ikapata harufu ya udongo mbichi, udongo wa chini sana. Kwenye kila mlango pameegemezwa sururu. Kumbe ndio mtaa wa wachimbaji wenyewe!

"Wewe! Utazame unapokanyaga! Maji yangu hayo!"

Aliyefoka alikuwa mwanamke mrefu, mikono imejaa tope hadi viwikoni. Jina lake Dahabo.

"Samahani, dada. Mimi mgeni."

"Mgeni ndio hana macho?" Dahabo akamkagua juu hadi chini, akaingia ndani, akatoka na kata ya maji. "Haya kunywa, unasimama kama mlingoti. Nani aliyekutoa kwenu na midomo imepasuka namna hiyo?"

Mwanamkasi akanywa. Maji matamu, maji baridi. Akalia palepale, kata mkononi.  Dahabo alimkalisha barazani, akamsogeza mbuzi.

Mwanamkasi alipofuta machozi akauliza, "Dada, mtaa huu una nafasi ya mgeni?"

"Nafasi ipo, moshi upo na kelele zipo. Lakini umekwisha kulala wapi?"

"Getini."

Dahabo akapiga kofi. "Basi unajua dawa yake? Mgeni hahami kimyakimya hapa. Anajitwika matandiko yake kichwani, jua likiwa juu, anapita nayo sokoni katikati, mji mzima umwone. Na sisi watu wa Dirbawa, tukimwona mtu anahama, hatuna huruma. Utaweza?"

Mwanamkasi akarudi Getini. Akamweleza Shekuwe kila kitu. Shekuwe alikuwa amejilaza, anakula tende.

"Mimi?" akasema. "Mimi nibebe mkeka kichwani sokoni? Juu ya kilemba hiki? Shemeji, jua limekupiga. Mfalme ataniona sura tu atajua mimi ni mtu wa watu."

"Shemeji, hapa hatuna mtu."

"Nenda wewe. Mimi miji naijua."

Basi Mwanamkasi akakunja mkeka wake, akafunga mto juu yake, akajitwika. Alipofika mdomo wa soko akasoma bismillahi, akaingia.

Lahaula! Soko zima lilimgeukia. Wauza sufuria wakazigonga, nga! nga! nga! "Anahama! Anahama! Amefukuzwa huyo!" Muuza vitunguu mmoja akapanda juu ya gunia. "Mama, umekojoa kitandani nini?" Watu wakaanguka kwa vicheko.

Mwanamkasi akasimama. Jasho linamtiririka, mto unataka kuteleza. Angeweza kuinamisha uso, akapita. Hakuinamisha. Akasema kwa sauti ile ya kubishana bei na wachuuzi wa ngamia:

"Sikukojoa, baba! Nilikosea mlango kwa kupenda godoro. Sasa najirudi. Kama wewe hukukosea mlango tangu uzaliwe, endelea kucheka!"

Vicheko vikapungua. Muuza vitunguu akashuka juu ya gunia. Bibi mmoja wa nyuma akasema, "Mpisheni mama wa watu." Wakampisha. Akateremka hadi Bondeni na mkeka wake kichwani, na Dahabo amesimama barazani anamngoja, anapiga vigelegele.

Akakaa Bondeni. Akachota nao, akapika nao, akala moshi nao. Wakagombana na Dahabo kuhusu chumvi ya mchuzi, wakapatana, wakagombana tena. Wachimbaji wakirudi jioni anawahadithia visima vya Mikadini, nao wanauliza: mwamba wake rangi gani? Mchanga wake ukiukamua unashikana? Hata siku ya baraza ya mfalme ikafika.

Mfalme wa Dirbawa alikuwa mzee mkavu, sauti yake ndogo lakini kila mtu anaisikia. Wa kwanza kujitokeza, nani tena? Shekuwe. Kilemba kimezungushwa upya. Akasema maneno, wajukuu! Akamsifu mfalme, akamsifu farasi wa mfalme, akausifu ukuta.

Mfalme akangoja amalize. "Nani anamsimamia mgeni huyu?"

Kimya.

"Alilala mtaa gani?"

"Getini, Mfalme."

Yule bwana wa marashi alikuwa amekaa mbele kabisa. Akaanza kutazama kucha za miguu yake. Shekuwe akageuka kulia, akageuka kushoto. Maneno yote yamemwisha.

Akaitwa Mwanamkasi. Mfalme akamtazama sana. "Wewe nawe nasikia ulilala Getini."

 Mwanamkasi aliona kabisa kuwa angeweza kulizungusha neno hili, na hakuna wa kumbishia isipokuwa Mola wake. Akasema, "Kweli, Mfalme. Nililala. Moyo ulinikataza, nikausingizia adabu ya kwetu, lakini kweli yenyewe ni godoro. Kisha nikahama, na mji wako wote ulinicheka."

"Mbona ulikubali kuchekwa?"

"Nyumbani watoto wanakunywa chumvi, Mfalme. Nimekuja kuomba watu. Nikaona siwezi kuomba watu huku nimelala mahali pasipo na mtu."

 Mfalme akauliza tena, "Nani anamsimamia mgeni huyu?"

"Mimi!" Dahabo huyo amesimama, tope bado mikononi. "Mimi namjua, Mfalme! Anakoroma kama ngamia, na mchuzi wetu ameuharibu kwa chumvi, nasi tulidhani anaikimbia! Lakini ni wetu!"

"Ni wetu!" wakasimama wachimbaji. "Ni wetu!" wakasimama wake zao, na wale wawili wa kamba ya nguo wameshikana mikono. "Ni wetu!" wakalia watoto. Bondeni nzima ilisimama, na kutoka nyuma kule, sijui nani alimwambia, muuza vitunguu naye akasimama. "Mimi si wa mtaa huo," akasema, "lakini nimesimama!"

Mfalme alicheka hadi akafuta macho. "Nendeni," akasema. "Wachimbaji watakaotaka wenyewe, waende naye. Ruhusa nimetoa."

"Na shemeji yangu, Mfalme?" akauliza Mwanamkasi.

"Njia anaijua."

Basi siku ile watu wa soko waliona jambo. Waliona mkeka unapita juu ya kilemba, na chini ya kilemba yuko Shekuwe, sufuria zinagongwa, nga! nga! nga! Muuza vitunguu akamuuliza lile swali lake. Shekuwe akajibu kwa unyonge, "Mimi pia nilikosea mlango." Bondeni wakampokea, wakampa kazi ya kufunga mizigo.

Wakarudi Mikadini. Wachimbaji wakaupapasa mwamba, wakaulalia, wakauchagua. Sururu zikaanza. Wakachimba, chumvi. Wakachimba, chumvi. Wakachimba, mwamba mweusi, watu juu wanasoma dua na kina mama wamefunga saumu. Mara kutoka chini ikapanda sauti ya Dahabo, maana naye alishuka, nani wa kumzuia?

"Teremsheni kata!"

Ikateremshwa, ikapandishwa. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Wakampa Mwanamkasi. Akanywa, akafumba macho.  Akampa mtoto aliyekuwa karibu naye, mtoto akanywa yote, akasema, "Nataka tena."

Mikadini ililia, Mikadini ilicheka, vigelegele vikasikika mpaka jangwani. Mwanamkasi akasujudu palepale kwenye tope, paji la uso likiwa ndani ya maji matamu.

Basi, wajukuu, mkija kufika mji wa watu siku moja, msiangalie godoro kwanza. Tembeeni mwone nani ataitika salamu yenu. Na mkikosea, kama tunavyokosea sote, msione haya kujitwika mkeka mchana mkahama, maana Mungu huwapenda wanaojirudi.

Kisa nimekitua hapa. Mwenye nguvu akibebe, mwenye kiu akinywe.

Tumekibeba! Tumekinywa!

Haya, nendeni mkalale. Mitaa yenu mnaijua.