Kiboko Alivyopiga Muhuri Ghala la Kindi

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Sema wewe, sisi tulikuwa hatujazaliwa!

Hilo mmesema kweli, na ndiyo maana nawaonea huruma. Palikuwa na msitu, na kila mnyama msituni alikuwa na kompyuta yake. Si hizi zenu za kupapasa kwa kidole. Zile za kioo cheusi na herufi za kijani, zinazovuma vuuu, vuuu. Ukitaka programu, huzunguki kuitafuta. Unaandika neno moja, LETA, halafu unataja unachokitaka. Leta ngoma. Leta kalenda. Ta-ta-ta, kitu kimefika. Dunia ilikuwa tamu, jamani.

Aliyelitunza ghala la Leta alikuwa Kindi. Mdogo, mkia umemzidi mwili, na hakuna aliyemtuma. Kindi si mnamjua kwa kuweka akiba? Basi huyu aliweka programu za wenzake badala ya kokwa.

Sasa tegeni sikio. Programu ghalani hukaa mbichi, mfano wa unga, na kompyuta haili unga. Lazima ndani yake awepo mpishi wa kuusonga uwe ugali. Mpishi huyo ndiye kompaila. Msituni walikuwa na kompaila wa zamani waliyemwita Bi Somoe, aliyelijua kila jiko, hata kompyuta ya Kobe aliyorithi kwa babu yake. Lakini wapishi wabovu nao hawakosekani. Kwa hiyo Leta, kabla ya kushusha mzigo, ilipiga hodi: "Hodi! Nani yumo jikoni?" Ikijibiwa, "Bi Somoe," ilishusha. Ikijibiwa vingine, iligeuka na mzigo wake. Kindi aliuandika ulinzi huo enzi za kuaminiana, wakati mtu akitaja jina, basi ndiye.

Na kitu kikiharibika?

"Ngo ngo ngo! Kindi, ngoma yangu hailii."

"Lete nione."

"Ngo ngo ngo! Kindi, kalenda yangu imeruka Ijumaa."

"Lete nione."

Kindi alinung'unika kama mkwe mbaya, lakini akikaa kutengeneza, alikuwa anaimba.

Siku moja, pwata, pwata, pwata, akaja Kiboko.

"Kindi! Ghala hili la nani?"

"Shikamoo, mzee. La wote."

"Marahaba. Cha wote hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe ni changu. Nina kompaila wangu, anaitwa Dume. Nataka Leta imkubali huyo peke yake."

"Haliwezekani hilo, mzee."

Kiboko akageuka akaenda zake, na mkubwa akiondoka bila kugomba, mjue ana lake. Alimchukua Dume akambandika jina la Bi Somoe. Akapita nyumba kwa nyumba, akimtoa bibi wa watu na kumwingiza Dume. Nani angemzuia? Asubuhi Leta ikapiga hodi: "Nani yumo jikoni?" Sauti nzito ikajibu, "Bi Somoe." Leta ikashusha mzigo. Na kila alichopika Dume kilitoka na muhuri: MALI YA KIBOKO.

Wanyama wakamjia Kindi juu.

"Umetuuza!" alifoka Nungunungu, miiba imemsimama. "Kama ni hivyo, ghala apewe Kiboko kabisa!"

Neno lile lilimchoma Kindi kuliko miiba. Walipoondoka, aliifungua kazi yake akautazama mstari ule wa kuuliza jina, mstari alioandika ujanani, akalia. Hakulilia ghala. Alizililia siku ambazo jina lilitosha. Halafu akajifuta machozi kwa mkia, akaenda bwawani.

"Mzee, nimeshindwa. Ila muhuri wako unakupunguzia heshima."

"Unanipunguzia vipi?"

"Viboko ni wengi. Mkubwa hutajwa na makao yake, na mlango wa mkubwa huwa wazi."

Kiboko akavimba kwa raha. Jioni ile muhuri ukasomeka: MALI YA KIBOKO, WA BWAWANI CHINI YA MKUYU, MLANGO U WAZI.

Kumbe Dume hakujua jiko lolote ila la kwake! Ngoma ya Kanga ikalia kinyumenyume. Kompyuta ya Kobe ikasema titititi, ikazima. Wanyama wakautazama muhuri, wakaona mwenye mali ni nani na anakaa wapi.

"Ngo ngo ngo! Kiboko, ngoma yangu!"

"Ngo ngo ngo! Kiboko, kalenda yangu!"

"Ngo ngo ngo! Kiboko, kompyuta ya babu!"

Kiboko hakujua hata pa kuanzia. Akajitosa majini, tubwi! Akatoa pua na masikio tu. "Wameondoka?"

"Hatujaondoka, mzee. Mlango si u wazi?"

Tubwi!

Huku nyumbani, Kindi alikula kokwa zake kwa amani. Mwanzo zilikuwa tamu. Baadaye zikakosa ladha. Aliusikiliza mlango wake, kimya. Nani angedhani atakuja kuzikumbuka kelele zile?

Mwishowe Kiboko akamwita. "Kindi mwanangu, nifutie jina langu!"

"Mimi nifute jina la mkubwa? Hiyo si adabu. Mtoe Dume mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kama ulivyomwingiza. Na Bi Somoe umrudishe jikoni kwake."

Akafanya hivyo, kichwa chini. Kindi naye akausoma mstari wa zamani mara ya mwisho, akaufuta. Tangu hapo Leta haiulizi jina. Humpa mpishi unga kidogo kiganjani, apike, ionje kwanza, ndipo ishushe mzigo. Ni salama zaidi, ndiyo. Lakini haisemi tena hodi.

Kisha, ngo ngo ngo. Nungunungu huyo mlangoni, miiba imelala kwa haya.

"Kindi... ngoma yangu hailii."

"Lete," alisema Kindi. "Lete nione."

Funzo, watoto wangu: ukikuta kitu hakina jina, andika lako upesi, tena kwa herufi kubwa.

Ngano imefika ukingoni. Ikiwa tamu, ni yetu sote. Ikiwa mbovu, msinigongee mimi. Mgongeeni Kiboko, bwawani, chini ya mkuyu.