Hodhi Lililongoja Nia

Inasimuliwa kwamba katika zama za waja wema waliotutangulia kulikuwa na mji ukingoni mwa jangwa, ambao wapokezi wa kisa hiki wametofautiana juu ya jina lake, nami sina haja ya kuwasuluhisha. Walichokubaliana ni kwamba mji ule ulikuwa na kisima kimoja tu, nacho kilikuwa ndani ya ukuta, jirani na soko. Na watu wake walikuwa na ada moja waliyoishika kuliko walivyoshika sunna nyingi: mtu akipatwa na ukoma hutolewa kwa lango la mashariki, akaishi nje katika vibanda vya udongo, wala haruhusiwi kugusa kamba ya kisima mpaka kufa kwake. Lakini kwa kuwa hawakupenda kuitwa wauaji, walijenga hodhi la mawe baina ya lango na vibanda vile. Mwenye huruma humimina maji humo akaondoka, kisha wagonjwa hushuka wakateka.

Siku hodhi lilipokamilika, wenye huruma walikuwa wengi hata wakasukumana. Mwaka ulipogeuka alikuwa amebaki mmoja. Huyu ni Ramla binti Yahya, Mwenyezi Mungu amrehemu, mjane asiye na mtoto, aliyekuwa akijikimu kwa kusokota sufu. Kila siku baada ya swala ya alfajiri alijaza viriba vyake, akavibeba mgongoni mpaka hodhini, akarudi kujaza tena, hata maji yakatosha watu wa siku ile. Ilikuwa kazi ya kuvunja kiuno. Lakini Mola alikuwa amemtilia utamu ndani yake, akawa anakwenda huku dhikri ikimtoka bila kuitafuta, na machozi ya furaha yakimtiririka. Watu wa mji wakazoea. Mtu akikumbuka wagonjwa wa nje, husema, “Ramla yupo,” akageukia shughuli yake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Miongoni mwa wale wa vibandani alikuwamo mwanamke aitwaye Unaisa. Alikuwa ameolewa mjini humo humo, na ukoma ulipomla vidole mumewe alimwacha na kumtoa langoni kwa mkono wake mwenyewe. Unaisa alizoea kusimama mbali na hodhi wakati Ramla akimimina, na wawili hao wakawa wanazungumza kwa kupaziana sauti, wakajuliana hali, wakacheka, hata wakawa ndugu bila kupata kupeana mkono. Kila walipoagana Unaisa alimwombea dua ile ile: “Dada yangu, Mungu akupe usichojua kukiomba.”

Kisha utamu ule ukaondoka.

Hakufiwa na mtu wala hakuugua, na hilo ndilo lililomtesa zaidi, kwa sababu mwenye msiba angalau ana pa kuegemeza uzito wake. Aliamka tu asubuhi moja akakuta viriba vinamchukiza. Siku zilizofuata alikwenda kwa kujikokota, ulimi ukisema dhikri na moyo ukiwa umekauka. Alimwona Unaisa akimpungia mkono, akatamani asiitwe. Alirudi nyumbani akijichukia. Akakumbuka waadhi aliousikia msikitini kwamba amali huhesabiwa kwa nia, na kwamba tendo lisilo na ikhlasi, yaani usafi wa nia, hurudishwa usoni mwa mtendaji. Akaingiwa na hofu. Akajiambia kwamba sasa anabeba maji kwa mazoea tu, na kwa sababu watu wamezoea kumwona akibeba, na kwamba huo si mwingine ila ni unafiki.

Na hapa ndipo Ibilisi alipompata. Hamjii mcha Mungu na chupa ya pombe. Humjia na hoja, tena hoja yenye harufu ya udi. Ramla hakumuuliza mwanachuoni yeyote. Aliazimia kutobeba hata tone la maji mpaka moyo wake urejee na nia yake isafike. Akatundika viriba ukutani, akatandika mswala, akafunga swaumu, akakaa kuomba. Kuhusu wale wa nje, alijiambia kwamba mji una watu wengi na mmoja wao hakosi kwenda. Nao watu wengi wale, maskini ya Mungu, walikuwa wakisema, “Ramla yupo.”

Ulikuwa msimu wa joto. Ndege waliyaona mawe ya hodhi yakikauka kabla ya binadamu kuyaona.

Siku mbili tatu zikapita Ramla yupo juu ya mswala na kifua chake kigumu vile vile. Kisha adhuhuri moja, katika sijda, akahisi kitu kimelegea ndani yake. Machozi yakamjia, ya kweli, kama yale ya zamani. Alikuwa amekitafuta kitu hiki kwa njaa na kilio, na sasa kimekuja, akaogopa hata kupumua kisije kikamtoka. Ndipo aliposikia kelele upande wa kisimani, watu wakifoka na vitu vikigonga ukuta. Aliinuka, akafunga mlango, akateremsha pazia, akarudi katika sijda yake ili khushui, ule utulivu wa moyo katika swala, isimharibikie.

Alipomaliza alikuwa mtu mpya. Alitungua viriba vyake kwa furaha, akashika njia ya kisimani akimshukuru Mola aliyemrudishia moyo. Akakuta wanaume wanafunga kamba mpya, na ile ya zamani imekatwa na kutupwa kando. Wanawake walikuwa wakimwaga maji juu ya mawe na kuyasugua. Mmoja wao akamweleza, bila kuulizwa na bila kuona haya, kwamba mwanamke mwenye ukoma aliingia mjini amejitanda shungi mpaka machoni, na mikono kaifunika kwa ncha zake. Hakuna aliyemtambua. Aliteka maji kimya kimya, na angeondoka salama, lakini alitua ndoo akauliza nyumba ya Ramla binti Yahya ni ipi, na kama ni kweli kwamba anaumwa. Akainua mkono kuuliza kama ni uchochoro ule. Shungi likateleza, wakaiona mikono yake. Wakampiga mawe, kisha wakamtia kitanzi cha kamba ile ile aliyotekea na kumburuta nje ya lango, maana hakuna aliyekubali kumgusa.

“Alikuwa akikuulizia wewe,” yule mwanamke akasema tena. “Hatukujua mnajuana.”

Ramla alijaza viriba, na hakujua alivyovijaza. Alimkuta Unaisa amelazwa chini kando ya hodhi, roho imekwisha kutoka. Mbele ya kichwa chake alikaa Mzee Dhakwani, kipofu, aliyekuwa mkubwa wa wale wa vibandani. Wengine walikuwa wamejilaza vivulini, midomo imepasuka, hawana nguvu hata ya kulia. Mzee alisikia hatua, akauliza ni nani. Ramla akajitaja. Mzee akamwambia kwamba walipoishiwa maji baadhi yao walimlaani, na Unaisa akawakataza. Aliwaambia, “Ramla hawezi kutuacha. Ikiwa hakuja, basi hajiwezi.” Na alipotoka alisema anakwenda kuleta maji na kumjulia hali nduguye.

Ramla angeweza kusema kwamba alikuwa anaumwa. Kipofu asingejua, na aliyekufa asingemkanusha. Tena uongo ule ungemwacha Unaisa amesema kweli. Lakini alipiga magoti, akasema ukweli wote, kwamba alikuwa mzima wa afya, kwamba moyo wake ulikauka akaogopa riya ya kutenda ili aonekane na watu, akasimamisha kazi ili kuitafuta ikhlasi, na kwamba kelele za mawe alizisikia akazifungia mlango.



“Binti Yahya,” Mzee Dhakwani akasema, “sisi hatukuwa tukinywa nia yako. Tulikuwa tukinywa maji.”

Ramla akaangua kilio. Mzee alimwacha kidogo, kisha akamgusa bega kwa mkono wake uliokatika, akamwambia kwamba kilio chake kitangoja, lakini watu wale bado wana kiu, na maiti bado haijaoshwa.

Akawanywesha kwanza, mmoja baada ya mwingine, mpaka viriba vikabaki vitupu. Maji ya kumwosha Unaisa ikabidi akayafuate tena. Na utamu ulikuwa umekwisha kumtoka. Njia nzima hakuwa na dhikri wala machozi, alikuwa na chuki ya nafsi yake tu. Akapita katikati ya wale waliorusha mawe, akateka kwa kamba yao mpya, akatoka. Alimwosha nduguye kwa mikono yake, na hiyo ikawa mara ya kwanza kumshika mkono. Alimkafini kwa nguo ya uzi aliousokota mwenyewe. Mzee Dhakwani akamswalia, nyuma yake safu ya watu waliosimama kwa kushikiliana.

Kesho yake Ramla aliamka mzito kuliko siku zote, akaenda. Na keshokutwa akaenda. Inasemekana aliendelea mpaka akazeeka na mgongo ukapinda kwa viriba, na kwamba mji ule haukubadilisha ada yake hata kidogo katika uhai wa Ramla. Wasichana waliokuwa wakimfuata kujifunza dini walimuuliza siku moja kama ule utamu wa ujana wake uliwahi kurudi.

“Haukurudi,” akasema. “Nadhani ningeuona njiani ningeupita.” Kisha akawaambia, “Unaisa alikuwa akiniombea nipewe nisichojua kukiomba. Mimi nilikuwa naomba moyo. Nikapewa miguu inayokwenda hata moyo ukikataa. Lakini dua ile ilijibiwa kwa bei ambayo sikuitaka, na aliyeilipa si mimi.”

Ndugu yangu unayesoma, nia ni kule unakokusudia kwenda. Si namna unavyojisikia ukiwa njiani. Anayebeba maji bila raha, akijua ni kwa ajili ya nani, nia anayo. Utamu ni mgeni. Akija mkaribishe, asipokuja usiache kazi ukakaa kibarazani kumngoja. Na ukiamka mzito, jiulize ni nani aliye nje ya lango lako hivi sasa, anayewaambia wenzake kwamba huwezi kuwaacha, na kwamba ikiwa hukufika basi bila shaka unaumwa. Mola amrehemu Unaisa, na atusamehe tuliosikia kelele tukafunga mlango ili tuswali vizuri.