Zamu ya Kutazama Maji

Mwanamke mmoja alikuwa na mtoto wa kunyonya na kamba chache za mwani, na siku za bamvu, maji yanapokauka hata mtu akaweza kutembea kwa miguu mpaka kwenye fungu la mchanga lililo mbali na ufuo, alikuwa akimbeba mtoto akaenda kuziangalia kamba. Jina lake Mize. Alikuwa mke wa Vuai, mama wa Raya, na mtu wa hofu. Aliogopa homa, aliogopa upepo, aliogopa mtoto akilala sana na aliogopa mtoto akikataa kulala.

Wanawake wa pale walikuwa na desturi yao. Kazi ya mwani hufanywa kwa kuinama: unafunga mbegu kwenye kamba, kamba inashikwa na vigingi, na muda wote macho yako chini, umeipa bahari mgongo. Na maji ya pale hayaji kwa mbele kama mgeni anayebisha hodi. Hujaza kwanza mkondo ulio nyuma, kati ya fungu na ufuo, kimyakimya, na wewe ulipo maji hayajapanda bado. Ukija kugutuka, njia ya nyumbani imeshafungwa. Kwa hiyo kila siku mmoja wao hakufunga mwani. Aliketi juu ya fungu na ndoo tupu, pamoja na watoto wachanga waliolazwa chini ya kivuli cha kanga, akatazama mkondo, basi. Maji yakigusa jiwe jeusi lililo katikati ya mkondo, anapiga ndoo, na wote wanaacha walichoshika. Kamba za mtazamaji zilifungwa na wenzake siku hiyo, ili asiwe na haja ya kuzigeukia. Hakuna aliyewahi kuiandika sheria hiyo, wala haikuwahi kusikika kwamba mtu ameivunja.

Ikatokea kwamba Bodi ya Bahari, wale wanaoamua maji gani yafungwe yapumzike na yapi yafunguliwe, nani avue na nani ajenge gati, ikatangaza kiti kimoja kitupu. Alitakiwa mtu wa kawaida anayeishi kwa maji ya pwani, aliyemaliza sekondari, na anayetaka aombe mwenyewe. Kati ya wanawake wa mwani ni Mize peke yake aliyefika kidato cha nne.

"Omba wewe," wakamwambia. "Sisi tutakusindikiza kwa dua, maana kwa Kizungu hatukuwezi."

Akaomba. Kwa nini, hata yeye hakujua. Alijiambia ni kwa ajili ya Raya, kisha akajiambia ni kwa ajili ya wenzake, kisha akaona labda ni kwa sababu alitamani siku moja aitwe kwa jina lake kamili mbele ya watu na asimame. Alipopigiwa simu kwamba anaitwa kwenye usaili, furaha na hofu vilimjia pamoja, hakujua ashike kipi.

Na hapo ndipo kila mtu alipomjia na maneno yake. Vuai alikuwa mtegaji wa samaki kwa madema, na sehemu aliyozoea kutega ilikuwa imefungwa na Bodi. Akasema, "Ukishaketi tu, pale petu pafunguliwe. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza, nyingine utazijua huko huko." Mama mkwe akasema, "Mwanangu, usije ukawa mtu wa kusahau uliokula nao," na akamwekea kipande kikubwa cha samaki. Wanawake wa mwani wakasema hapa petu pasiguswe, hata boti isipite, wanaotaka gati wakalijenge kwenye nyumba zao. Na shemeji yake, aliyewahi kukaa mjini, akamvuta pembeni: "Wakikuuliza kama una chako baharini, sema huna. Mwenye chake hachukuliwi."

Mize akayapokea yote, maana hakuwa na moyo wa kumkatalia mtu. Akawa anayarudia akioga, akikuna nazi, akinyonyesha, na kadiri alivyoyarudia ndivyo yalivyozidi kugombana humo kichwani. Pale pa mumewe pakifunguliwa, boti za wategaji zitapita juu ya mwani wa wenzake. Asipopafungua, atalala vipi na mume anayemnunia? Na akisema hana chake baharini, basi Raya anakula nini, na yeye mwenyewe ni nani?

Siku moja kabla ya usaili, zamu ya kutazama maji ikawa yake.

Akaketi juu ya fungu, ndoo pembeni, watoto wamelala, Raya wa mwisho upande wa kulia. Midomo yake ikawa inacheza, anajiuliza, anajijibu. Akainua macho mara moja tu, akaiona kamba yake ya nje kabisa imechomoka kwenye kigingi, inaelea na mwani wake wote, mwani uliokomaa, wa kuvunwa. Wenzake walikuwa wameinama, hawajaiona. Akautazama mkondo. Jiwe jeusi lilikuwa kavu. Akasema, naifunga mara moja narudi, si hapo tu. Akashuka.

Akaishika, ikamponyoka. Akaifuata, akaishika tena, akaizungusha kwenye kigingi, akaikaza kwa nguvu zake zote. Na alipokuwa akiikaza alisikia raha, raha ya mtu anayejua anachofanya, ambayo hakuwa ameipata tangu alipopeleka lile ombi. Hilo ndilo la kutisha, wenzangu. Hakujisikia anaacha kitu. Alijisikia yuko kazini.

Bi Tatu, mkubwa wao, alikuwa ameinama mbali kidogo, na kitu kikampita mbele ya miguu yake kikielea. Ilikuwa ndoo. Akainua kichwa. Jiwe jeusi halikuonekana, na ukingo wa fungu ulikuwa umeshalowa mpaka kwenye ncha za kanga.

Hakuna aliyepiga kelele, pumzi ya kelele haikuwepo. Walikimbia, na kila mmoja akamshika mtoto aliyemfikia, si wake, yeyote. Wakaingia mkondoni maji yakiwa kifuani, mikono juu. Mize alikuwa amembeba mtoto wa mwenzake, na kwa jinsi upepo ulivyokuwa, alimsikia Raya analia lakini hakujua analilia mbele au nyuma, wala hakuweza kugeuka, maana angegeuka, huyu wa mwenzake angekwenda na maji. Akatembea hivyo mkondo mzima, macho mbele, akiwa hajui kama bado ni mama.

Ufukweni watoto wakarudishwa kwa mama zao mmoja mmoja. Raya alikuwa mikononi mwa Bi Tatu, amelowa, amechafuka kwa mchanga, mzima. Mize akangoja kutukanwa. Bi Tatu akakamua kanga yake taratibu, akaikung'uta, akajitanda.

"Kamba yako imeshika vizuri," akasema, akaondoka.

Kesho yake Mize akaenda kwenye usaili. Kwenye benchi la kungojea alikuwepo bwana mmoja mwenye boti za kutembeza watalii, ametoka ndani sasa hivi, anajipepea. "Mdogo wangu, usitetemeke," akamwambia. "Mimi nimewaambia waziwazi, bahari yote naijua, sina ninachokiogopa. Watu wanapenda kusikia hivyo." Mize akamshukuru, akaitwa kwa jina lake kamili, akasimama.

Ndani walikuwa wameketi watu wa Bodi, na mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye miwani, akamuuliza kwa upole, "Bibie, una chako chochote baharini?"

Maneno yote aliyofundishwa yakaja mlangoni kwa pamoja, yakakwama. La Vuai lililikanyaga la mama mkwe, la shemeji likayasukuma yote. Likapita ambalo hakufundishwa na mtu.

"Ninacho, na jana nilikitazama chenyewe, nikaacha watoto wa watu kwenye maji, kwa hiyo sijui kama mnichukue."

Mmoja wa wajumbe akakohoa. Mwingine akatazama saa. Mwenyekiti akavua miwani, akaivaa tena, akasema watamjulisha.

Alitoka hajui kama amesema kweli au amejitupia jalalani bahati yake kwa mkono wake mwenyewe. Nyumbani Vuai akamuuliza, "Umelisema lile la pale petu?" Akajibu kwamba amesahau. Vuai akala bila kumtazama, na Mize hakumlaumu, maana hata yeye hakujua angejitazama kwa jicho gani.

Bamvu lilikuwa bado halijaisha. Asubuhi akashuka baharini na wenzake, nia yake ajifiche kwenye kamba zake, ainame, asionwe. Bi Tatu akamzuia njiani na kumwekea ndoo mpya miguuni.

"Lakini zamu yangu si imepita, bibi?"

"Imepita? Ulitazama?"

Mize akaitazama ndoo.

"Basi hujaimaliza. Kaa."

Wakapita mmoja mmoja, wakamlazia watoto wao chini ya kanga, na wa mwisho kumlaza wake alikuwa yule ambaye mwanawe alilowa kuliko wote. Alimtengeneza mtoto shingo, akamtazama Mize kidogo, akaenda. Kisha wote wakainama, wakaipa bahari mgongo.

Mize akaketi, ndoo ameikumbatia kwa mikono miwili. Hakujua kama amesamehewa au anaadhibiwa. Hakujua kama simu italia, wala kama ikilia anataka iseme nini. Nyuma yake zilikuwa kamba zake, na kama zimeshika au zimechomoka, hilo nalo hakulijua. Alilitazama jiwe jeusi.

Sasa nawauliza ninyi mnaoomba viti, na ninyi mnaovigawa: yule bwana wa boti aliyesema hana anachokiogopa, na huyu aliyesema hajui kama achukuliwe, siku umeinama na mwanao yuko juu ya fungu, ndoo ungempa nani?