Mlango wa Sultani Ngwali

Hapo zamani, mji wa Mwanakombe ulipokuwa bado na sultani wake na hazina yake, palikuwa na mtu jina lake Machano, fukara asiye na shamba wala mnazi. Mali yake yote ilikuwa kibanda cha udongo alichoachiwa na mama yake, na mke wake Bi Mize, na ulimi. Kibanda kilikuwa kikivuja, Bi Mize alikuwa mkali, na ulimi ndio uliomponza.

Watu wa Mwanakombe walikuwa na desturi yao katika ujenzi. Mtu akitaka kujenga nyumba, kwanza huagiza mlango, ukachongwa maua na minyororo, ukatiwa njumu za shaba, yaani misumari yenye vichwa vilivyochomoza, ukasimamishwa juu ya kiwanja kitupu, na majirani wakaja kuutazama na kunywa kahawa. Kuta zilifuata baadaye, kwa kadiri ya uwezo uliobaki. Kwa hiyo mjini palikuwa na milango mizuri mingi kuliko nyumba, na wako watu waliozeeka wakiingia kwa milango ya kifahari na kulala nyuma yake chini ya makuti. Wala hawakuona ajabu. Mtu akiulizwa, "Nyumba yako imefika wapi?" hujibu, "Alhamdulillahi, mlango umekwisha."

Mji wenyewe ulizungukwa na bahari upande mmoja, na pande zilizobaki ni tope la mikoko, tope la kumeza ng'ombe. Njia ya kuingilia ilikuwa moja tu, ile itokayo mashambani, nayo ilikatwa na mto mwembamba wenye kina. Juu ya mto huo palikuwa na daraja la miti. Basi mwaka mmoja masika yakaja kwa nguvu yakalichukua daraja, yakaacha kingo mbili za mawe zikitazamana, na watu wakawa wanavuka kwa miguu topeni, maji yapunguapo.

Wazee wakaenda kwa Sultani Ngwali kumweleza. Sultani akawasikiliza kwa upole, akaamuru watu wachange, nao wakachanga. Hazina ilipojaa, Sultani akatoka barazani akasema:

"Enyi watu wangu, nimefikiri sana. Daraja huvukwa na wenye mihogo, lakini ukuta huonekana na wafalme. Tutauzungushia mji wetu ukuta kwanza, na daraja litafuata."

Na kwa kuwa ndiyo desturi, ukuta ukaanzwa kwa mlango. Wakaitwa mafundi, ikaletwa mivule, ukachongwa mlango wa mbao mbili nene, mrefu kupita paa la msikiti, wenye njumu za shaba tangu juu hata chini, na kwenye kizingiti cha juu likachongwa jina la Sultani kwa maandishi ya kupendeza. Sultani akaamuru usimamishwe uwanjani, mbele ya roshani yake, ili auone kila anywapo kahawa. Ukasimama. Na hazina nayo ikasimama hapo hapo, haikuendelea.

Ikawa mlango umesimama peke yake katika uwanja mpana, kushoto upepo na kulia upepo, na watu watokao mtoni na matope yao wakiupita pembeni.

Jioni kwenye baraza ya Bwana Pandu, muuza kahawa, hapakuwa na mazungumzo mengine.

"Mlango ule umeupa mji heshima," akasema mtu mmoja ambaye miguu yake ilikuwa na tope la mtoni mpaka magotini.

"Heshima ipo," akajibu mwenzake, "lakini daraja je?"

"Daraja, bwana wee! Daraja kila mji unalo."

"Sisi hatuna."

"Ndiyo nasema! Sisi tuna mlango."

Wakamgeukia Machano, maana alikuwa amenyamaza, na kunyamaza kwake hakukuwa kwa kawaida. Machano akasema, "Mimi sina ugomvi na mlango. Ila nimeuzunguka tangu asubuhi, na hata sasa sijui nikisimama wapi niko ndani na nikisimama wapi niko nje."

Baraza nzima ikacheka, na Bwana Pandu akamwaga kahawa. Lakini miongoni mwa waliocheka alikuwamo mtumishi wa Waziri Haidari. Na Waziri Haidari alikuwa jirani wa Machano, naye kwa muda mrefu alikitamani kile kiwanja cha kibanda ili afungie punda wake. Maneno yakafika kwa Waziri kabla kahawa haijapoa, na kutoka kwa Waziri yakafika kwa Sultani, nayo yalikuwa yamenenepa njiani.

Asubuhi Machano akaitwa. Akamkuta Sultani ameketi, Waziri kasimama kulia kwake, na watu wamejaa, wakiwamo wote waliocheka jana, na sasa hapakuwa na hata mmoja aliyeonyesha meno.

"Ewe Machano," akasema Sultani, "nasikia huoni faida ya mlango wangu."

"Bwana wangu Sultani, mimi macho yangu ni dhaifu. Naona mlango tu, faida bado naitafuta."

"Vema. Nitakusaidia kuitafuta. Mimi nasafiri kwenda kumleta mkwe wangu, Sultani Faki, aje auone. Wewe nimekuweka mlinzi. Siku nitakaporudi na mgeni wangu, kila atakayeingia mji huu, awe mtu au mnyama, sharti aupite mlango wangu. Akiingia hata mmoja bila kuupita, nitakibomoa kibanda chako, na udongo wake ndio utakuwa mwanzo wa ukuta, nawe utafute mji mwingine."

Waziri Haidari akainamisha kichwa kwa adabu ili tabasamu lake lisionekane.

Machano akakikumbuka kibanda chake. Katika kibanda kile alizaliwa, na katika kibanda kile mama yake alikata roho akiwa ameushika mkono wake. Akasema, "Amri ni yako, bwana wangu. Ila nauliza jambo moja: mlango umeniachia mimi?"

"Nimekuachia. Uupake mafuta, lala nao, ufanye utakavyo, madhali wote watakaoingia wanaupita."

"Hawa wote wamesikia?"

"Wote wamesikia," akasema Sultani, akaondoka.

Basi Machano akachukua fimbo, akaketi chini ya kile kizingiti kirefu, awazoeze watu kabla ya siku ile. Akawasihi wapita njia: "Jamani, piteni hapa, pigeni hodi, niwaitikie karibu." Wa kwanza kuja alikuwa mzee mwenye mbuzi. Mzee akapita mlangoni kwa huruma, lakini mbuzi wakapita pembeni. Akaja mwanamke na mzigo wa kuni kichwani, akasema, "Kaka Machano, nizunguke mpaka huko kwa ajili gani, nami jikoni kwangu ni hapa?" Vijana wakapita kushoto makusudi, wakarudi nje, wakapita kulia, wakamwuliza kama ameona tofauti. Na kuku wa Bwana Pandu wakawa wanaingia na kutoka mjini siku nzima bila kufuata sheria yoyote.

Bi Mize alipomletea chakula, akasimama kumtazama. "Mume wangu," akasema, "nimeolewa na mlinzi wa upepo."

"Upepo una adabu, mke wangu. Huo unapita mlangoni."

"Na tukivunjiwa nyumba, tutalala katika adabu ya upepo?"

 Machano akawa anapapasa njumu za shaba, na chakula kikapoa.

Siku ya Sultani kurudi ilipokaribia, mvua ikanyesha mashambani na mto ukajaa. Asubuhi yake Bi Mize alikuwa ng'ambo, amekwenda kuchimba mihogo, naye akazuiwa kule pamoja na wanawake wenzake na wanaume waliokwenda kulima. Machano akashuka mpaka ukingoni, akasimama upande huu, na mkewe amesimama upande ule na kikapu chake.

"Machano we!" Bi Mize akapaza sauti. "Umesimama unatazama nini?"

"Nawatazama wanaoingia mjini!"

"Wako wapi?"

"Wako huko kwako, hawaingii!"

"Basi kazi yako imekwisha, maana pasipo hapa hakuna pa kuingilia!"

Watu wa ng'ambo wakacheka, na Machano akacheka nao.  Kisha akatazama kingo mbili za mawe zilizokuwa zikitazamana tangu masika. Akageuka, akautazama mlango kule uwanjani, akaupima kwa jicho tangu juu hata chini. Halafu akakimbia kama aliyesikia moto, akiita wachukuzi wa sokoni na kamba zao.

"Una wazimu?" wakamwuliza. "Huu ni mlango wa Sultani!"

"Ni mlango wa Sultani, nami nimeachiwa niufanye nitakavyo. Ninyi hamkuwapo? Hamkusikia?"

Walikuwapo, na walisikia. Tena wengi wao wake zao walikuwa ng'ambo, na nyumbani hapakupikwa kitu. Wakaziinua mbao mbili kutoka katika vigingi vyake, wakang'oa miimo yake ya pembeni, wakashusha kizingiti. Miimo na kizingiti wakavilaza toka ukingo hadi ukingo, na juu yake wakazilaza zile mbao mbili, njumu zikitazama mbinguni ili mguu usiteleze. Bi Mize akawa wa kwanza. Akasimama kwenye ncha ya ubao, kikapu kichwani, akapiga hodi.

"Karibu!" akaitika Machano.

Akavuka na miguu yake mikavu. Na alipompita mumewe alimtwisha kile kikapu.

Ikawa kesho yake pembe ikapigwa, Sultani Ngwali akatokea upande wa mashamba na jamaa zake, Waziri Haidari akiwamo, na kando yake mkwewe Sultani Faki, mzee mwenye magoti mabovu, aliyekuwa amelalamika safari nzima juu ya mto anaousikia hauna daraja. Walipofika ukingoni wote wakasimama. Sultani Ngwali akatazama juu, kule uwanjani, akaona anga tupu. Akatazama chini, akaona njumu za shaba.

"Machano!" akaita. "Mlango wangu uko wapi?"

Machano alikuwa amepiga magoti upande wa mjini. "Bwana wangu, uko mbele ya miguu yako. Uliamuru kila aingiaye aupite. Tangu jana hajaingia mtu wala mbuzi bila kuupita. Hata kuku wa Bwana Pandu sasa wamekaa kimya nyumbani."

"Hii ni hila!" akapiga kelele Waziri Haidari. "Mlango husimama, haulazwi! Bwana wangu, mtu huyu amekuvunjia mlango na amri!"

"Bwana Waziri," akasema Machano, "sisi watu wa Mwanakombe tunaanza na mlango, na vingine vyote hufuata. Nami nimeanza kwa kuulaza. Kusimama kutafuata."

Watu waliokuwa nyuma ya Sultani wakakohoa. Waziri akaona shauri linamtoka, akakumbuka kiwanja na punda wake. "Amri ilisema akiingia hata mmoja bila kuupita," akasema. "Basi nitaingia mimi!" Akapandisha kanzu yake, akashuka kando ya daraja kwenye mikoko, akapiga hatua, akapiga na nyingine, kisha hakupiga tena. Tope likamshika magoti, likamshika kiuno, na kilemba chake kikaenda zake na mto.

"Nitoeni!" akalia.

"Tukutolee wapi, Bwana Waziri?" akauliza Machano. "Upande wa mjini tope ni refu zaidi. Hapa kavu ni mlangoni tu."

"Popote! Hapo hapo mlangoni!"

Wachukuzi wakamtupia kamba, wakamvuta mpaka juu ya mbao. Akalala kifudifudi juu ya njumu akihema, anachuruzika. Machano akainama karibu na sikio lake, akasema kwa heshima zote, "Hujapiga hodi, bwana wangu, lakini karibu."

Hapo Sultani Faki akauweka mguu wake mmoja mbaoni, akasikia ubao ni imara. Akauweka wa pili. Akavuka taratibu, akafika upande wa pili, akageuka, na uso wake ulikuwa umekunjuka.

"Mwanangu Ngwali," akasema, "mimi kwangu nina milango mingi, na yote hunifungia. Huu ndio wa kwanza kunivusha. Nani alikupa akili hii?"

Sultani Ngwali akatazama mkwewe, akatazama watu wake waliosimama kingo zote mbili wakimsubiri. "Ilinijia tu," akasema.

Machano akainamisha kichwa. Bi Mize, aliyekuwa nyuma yake, akataka kusema, Machano akamkanyaga mguu.

Lakini Sultani alipofika katikati ya daraja alisimama tena. "Na jina langu?" akanong'ona. "Watu wanakanyaga jina langu?"

"Haiwezekani, bwana wangu. Kizingiti nimekiweka chini, maandishi yakielekea majini. Wanaolisoma ni samaki."

Sultani akakunja uso. Akavuka, akasimama karibu na Machano, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, ili heshima yake ipate pa kukaa, "Kibanda chako ni chako, hakuna wa kukigusa. Na daraja hili libaki. Lakini uwanja wangu sitauacha mtupu. Nitaagiza mlango mwingine, mkubwa kuliko huu!"

Watu wakaangaliana, kila mtu akishika mfuko wake.

"Fanya hima, bwana wangu," akasema Machano. "Paa la soko linavuja."

Aliyeanza kucheka ni Sultani Faki, akicheka huku ameshika magoti yake. Kisha kingo zote mbili zikacheka, na safari hii hakuna aliyeangalia kwanza nani yuko karibu. Sultani Ngwali akajizuia, akajizuia, mwishowe akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini juu ya mlango wake.

Mlango wa pili haukuagizwa. Ukuta nao haukufuata, na hakuna aliyeuulizia. Kiwanja cha Machano kilibaki na kibanda, na punda wa Waziri akabaki juani. Na watu wa Mwanakombe, hata mbao zile zilipokwisha kuoza na kubadilishwa na nyingine, hawakuacha kupiga hodi wafikapo mtoni, na aliye ng'ambo huitikia karibu, hata kama hawajuani. Hayo ndiyo yaliyofika kwetu, nasi tumeyavusha mpaka hapa.