Pimbi na Maua Yenye Ndevu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakigombea viwanja kama watu, Pimbi alilima bustani mlimani. Alipanda maua yenye ndevu ya kimo cha wastani: si marefu ya kuangushwa na upepo, si mafupi ya kumezwa na nyasi. Mashina yake hutambaa ardhini kama tangawizi.

Mwaka wa tatu yakasongamana. Pimbi akayang'oa ili ayagawe na kuyapanda upya kwa nafasi. Mara, gu! gu! gu! Nyati huyo, na Kiboko nyuma yake.

"We binti Pimbi! Nani kakupa kiwanja hiki?"

"Shikamoo, Mzee Nyati. Nilikifyeka mwenyewe, kilipokuwa miiba mitupu."

"Marahaba. Kuanzia leo ni chetu. Kidudu kama wewe, bustani ya nini?"

Damu ikamchemka Pimbi. Eti kidudu! Siku za miiba mbona hawakuonekana? Lakini akaimeza hasira.

"Basi tugawane mashina, tupande. Ambaye maua yake yatachanua mwakani, bustani ni yake. Wanyama wote watashuhudia."

"Haya!" Kiboko akanguruma. "Wakubwa tunachagua kwanza!"

Pimbi akalikumbatia shina nene la katikati. "Jamani, msichukue makubwa! Nawasihi!"

"Ha-ha-haa! Lete hapa! Baki na hivyo vitoto vya pembeni."

Akaachia, kamasi zikimtoka, moyoni anacheka.

Wakubwa wakachimba mashimo ya kufika kiunoni, wakafukia, wakashindilia: pu! pu! pu! Pimbi akapanda machipukizi yake juujuu, migongo ya vishina ikiota jua.

"Mtazame! Hata kufukia hajui!"

Baridi ikaja, ikapita. Siku ya ushahidi, upande wa Pimbi ulikuwa zambarau na manjano, ndevu zikitikisika. Upande wa pili, udongo mtupu. Nyati akafukua. Fuu! Uozo.

"Umetudanganya!"

"Mzee wangu, si niliwasihi msichukue makubwa? Shina likishachanua halichanui tena. Watoto wake ndio huchanua. Mngeniuliza ningewaambia. Lakini nani amuulize kidudu?"

Wanyama wakaangua kicheko. Kiboko akainamisha kichwa. "Binti, basi tufundishe."

Pimbi akawatazama, kisha akamkabidhi kila mmoja chipukizi. "Mkapande kwenu. Na mgongo wa shina msiufukie, utaoza!"

Basi, watoto, ukubwa wa mwili haumpi mtu haki ya kunyang'anya jasho la mwenzake.